Ofa ya 25,000 na picha ya ukoo wa Hajati

Binti wa Hajati aliweka simu juu ya kaunta yangu Jumatatu asubuhi, hata karatasi sijapanga, akasema fundi hii naitaka kubwa, ya ukutani, mama anataka mgeni akiingia tu sebuleni aione kabla hajakaa. Nikaifungua. Ukoo mzima, watu 17, kijana wa graduesheni katikati na joho lake, Hajati amekaa mbele na gurbaba yake, kile kitambaa cha kujifunga cha wanawake wa Kinubi, wajukuu wamejaa chini kwenye zulia. Nikaangalia ukubwa wa faili: pikseli, vile vidoti vinavyojenga picha, 1600 kwa 1067. Nikanyamaza kidogo maana nilijua namwambia jambo ambalo hataki kusikia, na yeye ashapima ukuta kabisa, inchi 24 kwa 36.

Mi niko Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, kazi yangu ni kuprinti na kutia fremu, na picha za kitambulisho kwa wanaopita. Ng'ambo ya barabara kuna studio ya matawi, imetoka Kampala na ina matawi miji mingine, bango kubwa, bei rahisi. Nyuma ya jengo letu kuna mpiga picha wa kujitegemea, mtu wa harusi, kwanjula yaani sherehe za utambulisho, kazi za mashirika ya wakimbizi, ana kamera nzuri na mkono mzuri zaidi. Wote wawili huniletea kazi, wote wamenilipa, sina ugomvi na yeyote. Kisa hiki nimeruhusiwa na Hajati mwenyewe kukieleza ila majina niache, basi nitasema Hajati, binti yake, studio, na mpiga picha, inatosha.

Kwanza muelewe ile siku ilikuwa siku gani. Kijana alikuwa anamaliza Chuo Kikuu cha Muni, wa kwanza ukoo ule kuvaa joho, na ni kizazi kile ambacho shule zilifungwa 2020 zikaja kufunguka zote Januari 2022, kwa hiyo joho lile nyumbani kwao lilikuwa na uzito wake. Mjomba akaja kutoka Juba, mwingine Kampala, shangazi akavuka kutoka Ariwara upande wa Congo, wengine Koboko. Binti aliniambia mara ya mwisho wote kukaa sehemu moja ilikuwa kabla ya korona kufunga mipaka. Mjomba wa Juba alikuwa na siku 3 tu. Yaani hii siyo picha ya kusema tutarudi wiki ijayo, ikiharibika imeharibika.

Wiki moja kabla, binti alifanya kama mtu yeyote mwenye akili angefanya, akauliza bei pande zote mbili. Kwa mpiga picha alituma meseji: habari, picha ya familia ni bei gani? Jibu lilikuja kesho yake jioni: inategemea, njoo tuongee. Akaenda. Akaambiwa shilingi za Uganda 400,000. Akauliza mbona hapo ng'ambo ni 25,000, na jamaa, sijui siku ile alikuwa amechoka au nini, akamjibu kama unataka ya 25,000 basi nenda kule. Binti akaenda kule. Mi nimemwambia mpiga picha usoni, siyo huku pembeni, kwamba kisa hiki kinaanzia kwenye hiyo sentensi yake, kabla hata kamera ya mtu yeyote haijawashwa.

Studio ya ng'ambo ilimpokea vizuri. Hilo lazima lisemwe maana wapiga picha wengi wakiongelea studio hizi wanaongea kana kwamba wateja ni wajinga. Bei iko ukutani, imeandikwa, mtoto wa shule anaisoma. Unapewa siku na saa. Picha unaondoka nayo siku hiyo hiyo. Msichana wa mapokezi anaongea na wewe kwa adabu, shikamoo mama, karibu ukae, maji haya hapa. Mtu mwenye pesa ya mahesabu anataka nini zaidi? Anataka kujua atatoka na kiasi gani mfukoni. Hapo studio ilishinda kihalali kabisa.

Sasa siku yenyewe.

Ofa ya Familia 25,000, nimeona bango na risiti ninayo kopi, inamaanisha watu wasiozidi 4, pozi moja, picha moja ya inchi 5 kwa 7. Hiyo imeandikwa, ila kwa maandishi madogo chini ya ile 25,000 kubwa nyekundu. Wao walikuwa 17. Kichwa cha ziada 3,000, vichwa 13, hiyo 39,000. Halafu chumba. Nimeingia chumba kile mara nyingi, urefu kama mita 4 hivi, na karatasi ya bakgraundi ni ile roli ya kawaida ya upana wa mita 2.72, ambayo watu wazima wakisimama bega kwa bega wanaingia 5, wakibanana 6. Watu 17 na joho na gurbaba hawaingii hapo. Kwa hiyo wakagawanywa: mara kijana na wazazi, mara wajukuu na Hajati, mara mashangazi, na kila mgawo ni pozi, na kila pozi la ziada 10,000. Mapozi 6 yakawa 60,000. Mwisho mjomba wa Juba akasema hapana bana, mimi sijatoka Juba kupigwa nusu nusu, tupigwe wote, ndipo wakabanwa wote ndani, na msichana mwenye kamera akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango, akafungua lensi hadi mwisho wa upana wake, milimita 18.

Hapo niwaeleze kidogo maana watu wanadhani ni bahati mbaya. Lensi ya upana mkubwa vile, kwa umbali mdogo vile, aliye katikati anatoka sawa lakini aliye pembeni anavutwa, uso unapanuka kwenda nje kama unga unaosukumwa kwa mpini. Mjomba wa Juba kwa heshima ya ugeni aliwekwa pembeni asimame vizuri. Kwenye picha ana shavu moja pana kuliko jingine na bega limeondoka. Mtu mwembamba kabisa yule. Msichana hakukosea kubonyeza, chumba ndicho kilichomlazimisha, na hakuna aliyemfundisha kusema jamani twendeni nje chini ya mwembe, dakika 5 tu. Taa za pale haziruhusiwi kusogezwa. Aliniambia mwenyewe, na wala hakuwa analalamika, kwamba siku ya kwanza kazini alionyeshwa alama za tepu sakafuni, miguu ya stendi ikae hapo, kamera iwe hapa, namba za kamera zisiguswe. Alikuwa na wiki 4 tu kazini.

Halafu meza. Picha zikishapigwa unakaa mbele ya kompyuta unaonyeshwa zote, na pembeni fremu zimepangwa zinang'aa. Hapo ndipo pesa inatoka, na inatoka kwa upendo, maana nani anamuona mama yake kwenye kioo akasema hiyo ifuteni? Softi kopi, yaani mafaili ya picha, 12 kwa 5,000 ni 60,000. Fremu 2 za A4 kwa 45,000 ni 90,000. Jumla risiti inasema 274,000.

Rudieni hiyo namba. Walikimbia 400,000 kwa sababu ya 25,000 wakalipa 274,000. Tofauti halisi ilikuwa 126,000. Ukoo ule watu wazima wenye kipato walikuwa 8 au 9, wangechangishana hiyo tofauti kabla chai haijapoa. Binti alipopiga hesabu hii mbele yangu alikaa kimya sana, nikajuta kidogo kumpa kalamu.

Huu mtindo haukuanzia kwetu. Marekani wameuishi miaka mingi: Olan Mills ilianza 1932 kule Alabama, ikakua ikawa na studio kila mahali, na baadaye wakawa wanapigia watu simu nyumbani kuwauzia paketi ya bei ndogo, na kampuni ya CPI ya St. Louis ndiyo iliyokuwa inaendesha studio ndani ya maduka ya Sears na Walmart. Kuponi inakuleta mlangoni kwa bei isiyolipa hata umeme, na faida inatafutwa kwenye meza ya kuchagulia, karatasi kwa karatasi. Kwa hiyo ukiona mpiga picha wa studio hizi ana mafunzo ya siku chache ni kwamba hesabu yao haihitaji zaidi, upigaji wenyewe ni mlango tu, biashara iko mezani. Mi sisemi ni wizi. Mteja ameona, amekubali, amelipa. Lakini mtu anayelinganisha 25,000 na 400,000 halinganishi bei mbili, analinganisha bei ya kuingia na bei ya kutoka.

Na kuuza rahisi peke yake siyo dhambi. Gulu palikuwa na studio, Gulu Real Art Studio, mashine yao ya vitambulisho ilikuwa inatoa picha 4 kwa mpigo na wateja wengi walihitaji moja tu, hawana pesa ya 4. Basi wakawa wanampiga mtu picha ya kawaida ya kukaa kwenye kiti, wanakata kipande cha uso, anaondoka nacho analipa hicho. Mabaki yale, miili na mikono na viti bila nyuso, yalikuja kuonyeshwa New York 2013 kwenye ukumbi wa maonyesho ya picha wa Walther Collection, watu wa huko wakashangaa wanaangalia nini. Mi ninachokiona mle ni fundi aliyemuuliza mteja unahitaji nini, akamkatia hicho hicho, kwa bei ya hicho hicho. Rahisi ya namna hiyo naiheshimu mpaka leo.

Turudi kwa simu ya binti.

Zile softi kopi 12 walizolipia 60,000 zilitumwa WhatsApp, kama picha ya kawaida. WhatsApp ukituma kawaida inaibana picha, upande mrefu unabaki kama pikseli 1600. Kamera ya studio ile ni ya megapikseli 24, faili halisi lilikuwa 6000 kwa 4000. Kwa ukuta wa Hajati, inchi 36: faili halisi lingempa pikseli 166 kila inchi, na picha ya sebuleni unayoitazama ukiwa umekaa kwenye kochi hiyo inapendeza kabisa. Faili la WhatsApp linampa 44. Macho yanakuwa vumbi. Kofia ya graduesheni inakuwa ngazi. Naweza kulikuza kwa programu, siku hizi zipo, lakini programu inabuni, haikumbuki, na ukiibunia ngozi na meno watu 17 unapata watu 17 wanaofanana na ukoo wa Hajati.

Kwa hiyo nikamwambia dada, nenda kaombe mafaili yenyewe, wayatume kama dokumenti au wakuwekee kwenye flashi, 5,000 uliyolipa kila moja ilikuwa ya hayo. Nikavuka naye barabara. Yule msichana akatafuta kwenye kompyuta, akatafuta tena, akampigia mkubwa wake Kampala. Mafaili yanakaa siku 30 halafu yanafutwa. Iko nyuma ya risiti kweli, mstari wa mwisho. Sisi tulikuwa siku ya 71. Binti alikuwa anasubiri mjomba atume pesa ya fremu kubwa kutoka Juba, ndiyo maana alichelewa.

Nimefikiria sana hiyo siku 30. Studio inapiga watu labda 30 kwa siku, nyingi picha za kitambulisho, na diski zina gharama, naelewa. Lakini mteja hajui. Mteja anadhani picha yake iko kwao kama shati lililo kwa dobi. CPI walipofunga studio zao zote za Marekani Aprili 2013 ilikuwa ghafla, watu walifika wakakuta milango imefungwa, familia ambazo zilikuwa zinarudi hapo tangu watoto wachanga. Kama kampuni ya ukubwa ule inaweza kuzima taa namna hiyo basi tawi la Arua lenye chumba kimoja ni nani. Ukilipia softi kopi ichukue siku hiyo hiyo, kubwa, kwa flashi yako, ifungue hapo hapo mbele yao uangalie namba. Mi sasa namwambia kila mtu anayeingia dukani hata kama hajauliza.

Kuna jambo la pili, na kwangu ndilo linauma zaidi, ila binti hakulisema kwanza, alilisema mama yake.

Hajati alikuja mwenyewe siku ya tatu, na mkongojo wake. Nikamwamkia, nikamwekea kiti. Akaomba aione kwenye kompyuta kubwa. Akaitazama muda mrefu, akasema: mwanangu, huyu si mimi. Nikasema Hajati ni wewe, ona gurbaba yako. Akasema gurbaba ni yangu. Akanyoosha mkono wake juu ya kaunta karibu na kioo, akasema tazama huu na tazama ule.

Alikuwa sawa. Hajati ni mweusi hasa, weusi mzuri ule wa kung'aa, na kwenye picha alikuwa rangi ya majivu yaliyolowa. Ukoo mzima ulikuwa hivyo, wamesogezwa wote kwenda rangi moja ya katikati. Nikajua kilichotokea maana nimeona mafaili ya studio zile miaka. Taa 2 za miamvuli, moja kushoto moja kulia, nguvu sawa, zinapiga usoni kutoka mbele, kivuli chote kinakufa. Ngozi nyeupe ukiipiga hivyo inabaki na umbo kidogo. Ngozi nyeusi haionekani kwa kumwagiwa mwanga mwingi, inaonekana kwa mng'ao, mwanga unaoteleza juu ya shavu na paji la uso kutoka upande mmoja, dirishani au mlangoni, hapo ndipo unaona mfupa, unaona mikunjo ya kucheka. Ukiua kivuli umeua uso. Halafu picha ikiingia kwenye kompyuta kuna kitufe kimoja cha kuediti kinachopita juu ya picha zote, kinang'arisha na kulainisha, na kinaita hiyo usafi. Kimetengenezwa mara moja, kinapita kwa bibi harusi, kwa mtoto mchanga, kwa Hajati, kwa wote sawa.

Na hili lina historia. Enzi za filamu maabara za picha zilikuwa zinasawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mzungu, kadi za Shirley walikuwa wanaziita, uso wake ukitoka vizuri basi mashine iko sawa. Watu weusi tulikuwa tunatoka meno na macho. Imechukua hadi miaka ya tisini kwa kadi zenye nyuso za rangi mbalimbali kuwepo. Leo kamera haina tatizo hilo tena, sensa, kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera, inashika weusi wote unaotaka, na sisi wenyewe, Waafrika, tunakaa Arua tunabonyeza kitufe cha kupausha mama zetu. Samahani kama sauti yangu imepanda ila hili siwezi kulisema taratibu.

Nilikaa na Hajati saa nzima na nusu. Nikamwambia Mama kaa hapa karibu, tutarudisha rangi mpaka useme ndiyo. Faili lile limeshabanwa, limeshaeditiwa, halina mengi ya kurudisha, ukivuta sana linatoa mabaka. Nikashusha mwanga kidogo, nikarudisha wekundu kidogo chini ya weusi, nikafanya uso mmoja mmoja, yeye anasema huyu wa Koboko zaidi, huyu amefuata baba yake mwache hivyo. Mwisho akafika kwake mwenyewe akasema hapo, hapo, usiguse tena. Nikaprinti A4, kubwa zaidi ya hapo sikukubali kuchukua pesa yake.

Kitu kimoja kidogo nisisahau: siku tulipovuka barabara tulimkuta mjukuu wa Hajati wa miaka 6 kwenye bango la studio, anacheka. Hakuna aliyeulizwa. Uganda tuna sheria ya ulinzi wa data na faragha ya 2019, na data za mtoto ni mpaka mzazi au mlezi akubali, na uso ni data. Mama wa mtoto aliwaambia, wakalitoa siku ile ile bila maneno, nawapa hiyo.

Sasa upande wa mpiga picha, maana msidhani amepona.

Huyu bwana mwaka uliopita studio ilipofungua aliogopa, akafanya kile wengi wanafanya, akashusha. Akaweka tangazo picha za familia 50,000 kila kitu ndani. Alikuja kwangu baada ya miezi 4 kuuliza kama nataka kununua lensi yake moja. Tulikaa tukaandika. Kwa 50,000: msaidizi 20,000, mafuta ya pikipiki 10,000, kuprinti kwangu 15,000. Kinabaki 5,000, na hapo hajalipwa siku ya kupiga, hajalipwa usiku 2 wa kuediti, na kamera inazeeka kila ikibonyezwa. Kila mteja aliyempata alimsogeza karibu na kufunga. Studio ya matawi inaweza kuweka ofa inayokula hasara kwa sababu ina meza, ina vitambulisho 20 kwa siku, ina matawi mengine. Yeye ana mkono wake tu.

Kwa 400,000 tuliandika pia: msaidizi 40,000, kanvasi na fremu inayoprintiwa Kampala na kuletwa na basi 95,000, mafuta 20,000, data ya intaneti 15,000. Kinabaki 230,000 kwa karibu siku 3 za kazi na akiba ya vifaa. Hiyo ni bei ya haki. Kosa ni kwamba hesabu hii ilikuwa kichwani mwake, hakuna mteja aliyewahi kuiona. Binti wa Hajati alisikia namba tupu na jibu la dharau. Hakuambiwa kwamba ndani yake kuna picha 40 zilizoeditiwa moja moja, mafaili makubwa kwenye flashi, kanvasi, na kwamba angekuja nyumbani, chini ya mwembe, ambapo watu 17 wanaenea na mtoto akilia anazungushwa kwanza. Na tuseme ukweli wote, hata angemchukua yeye angesubiri. Anaahidi wiki 3, mi nimeona harusi yake moja ikaenda wiki 7, bibi harusi anapita dukani kwangu kila Ijumaa ananiuliza mimi. Mjomba wa Juba mwenye siku 3 unamwambia nini? Studio ilimpa kitu mkononi kabla hajapanda gari, na hicho kitu hata kama uso umevutwa, amekipeleka Juba.

Nikamwita. Nikamuonyesha ile A4, nikamuonyesha risiti, nikamwambia aliyekuja kwako akafukuzwa ndiye huyu, na mama yake anasema picha si yeye. Aliangalia muda, hakujitetea. Jioni ile akaniomba nimpeleke kwa Hajati kuomba radhi, tukaenda, tukanywa chai, binti alikuwa bado ana kinyongo na ana haki yake. Jamaa akatoa karatasi aliyoandika kwa mkono: picha moja ya Hajati peke yake, nyumbani, faili kubwa, printi ya inchi 24 kwa 36, 150,000, itakuwa tayari siku 7, ikichelewa kila siku inakatwa 10,000. Akaisaini. Hajati hasomi sana, akamwambia binti asome kwa sauti mara mbili, halafu akasema njoo kesho asubuhi, jua likiwa mlangoni.

Alimpiga amekaa kwenye mkeka ndani kidogo ya mlango, mwanga unaingia kutoka upande mmoja, hakuna taa hata moja, karatasi nyeupe tu kaishika msaidizi upande wa pili kurudisha mwanga kidogo. Dakika 40, na nusu yake ilikuwa maongezi. Ililetwa kwangu siku ya 6 kutiwa fremu. Weusi wake wote upo, na mng'ao juu ya paji la uso, na ile mistari ya pembeni mwa macho. Hajati alipoiona hakusema mengi, alicheka, akafunika mdomo na kona ya gurbaba.

Kwa hiyo ukuta wa sebuleni sasa una Hajati peke yake pale palipokuwa na kalenda, na chini yake ile A4 ya ukoo, ndogo, mjomba na shavu lake. Mpiga picha amebandika orodha ya bei kwenye mlango wangu, Kiswahili na Kilugbara, kila bei na kilichomo ndani, na siku za kusubiri. Familia 400,000 iko pale pale, na chini yake ameongeza ya 180,000, saa moja nje, picha 10, mafaili kwa flashi, printi moja, siku 5. Studio ya ng'ambo nao siku 30 zao hawajabadilisha, ila yule msichana sasa anawaambia wateja kwa mdomo, chukua kubwa leo, nimemsikia.

Mjomba wa Juba amesema atajaribu kuja Idd, na wa Ariwara kasema kama mpaka uko sawa anakuja na watoto wote. Advansi 100,000 imelipwa, wamechagua ile ya 400,000, mahali ni chini ya mwembe nyuma ya nyumba, saa 10 jioni. Risiti ninaitunza mimi, iko kwenye droo pamoja na ile kopi ya 274,000.